Mleta mada, MSIMWAGE HILO ZEGE

Salamu baadaye. Umeandika kibaraza cha mlangoni pa ofisi yenu ya kata kina kimo cha sentimita 50, fundi anataka kuweka rampu (mteremko wa kupandia kitimwendo, yaani kiti cha magurudumu) ya urefu wa mita 2 "kwa sababu uwanja ni mdogo", na Jumamosi mnamwaga zege. Hiyo si rampu, ni ukuta umelazwa. Chukua kimo, zidisha mara 12, ndio urefu wa rampu. Hamsini mara 12 ni sentimita 600. Unahitaji mita 6, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Ukipata nafasi ya kuzidisha mara 15 au 20, mshukuru Mungu.

Nina uchungu na hili. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati huku kwetu. Ngazi za kuingilia zilikuwa vidato vinne, kimo sentimita 60. Mchoraji wetu wa ramani, jamaa mmoja wa kuchomekea na kalamu tatu mfukoni, akatuambia mita 2 zinatosha, eti wakaguzi wanaangalia kama rampu ipo, hakuna anayeinama kupima. Tukampigia makofi. Tukaongeza na vigae, tena vile vinavyong'aa, maana mwenyekiti alitaka ipendeze siku ya ufunguzi. Picha zilitoka safi sana, hilo sikatai.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa mama mmoja wa kitimwendo. Hajafika hata nusu, magurudumu ya mbele yakainuka, kiti kikaanza kurudi kinyumenyume, vijana wawili wakamdaka. Wakambeba kupanda. Wakambeba na kushuka, kwa sababu kwenye mteremko ule mikono ya mtu haiwezi kuzuia magurudumu. Akaniuliza, "Mwanangu, hii mmemjengea nani?" Siku ile nilikosa jibu. Leo ninalo: tuliwajengea watoto wa shule ya jirani, walioiteleza mpaka kaptula zikatoboka. Mvua zilipoanza, hata muuguzi mzima wa miguu alikwenda chini na faili zake.

Tukavunja. Na zege lenyewe ndilo kitu pekee kilichofanyika vizuri pale, nyundo zilivunjika mipini! Tukalipa kujenga, tukalipa kuvunja, tukalipa kujenga upya, wananchi wakituuliza kwenye mkutano kama michango yao ni ya zahanati au ya kokoto. Yule mchoraji? Namba unayopiga haipatikani. Ada yake alichukua yote kabla, bila shaka, huko alikuwa mwepesi wa hesabu.

Hoja ya uwanja mdogo usiikubali. Rampu inakunjwa: mita 3 zinakwenda, jukwaa tambarare lisilopungua mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kigeuke, mita 3 zinarudi. Ya kwetu ya pili inapita ubavuni mwa jengo, kwenye picha haionekani kabisa, na watu wanapanda wenyewe. Juu mlangoni acha tena jukwaa tambarare, kwa sababu hakuna anayeweza kufungua mlango huku kiti kinamrudisha chini. Uso wa zege upigwe ufagio likiwa bichi ili usiteleze, vigae marufuku. Vyuma vya kushikia viwe pande zote mbili.

Halafu atakayekwambia haya ni mambo ya Ulaya, mpeleke Dar akasimame kwenye kituo cha mwendokasi. Tangu 2016 jukwaa pale limeinuliwa lilingane na sakafu ya basi, kiti kinaingia bila kubebwa. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo toka 2010, mchoraji wetu tu ndiye hakuwa na habari.

Uliuliza pia mambo ya choo, alama za wasioona na nini tena sijui. Choo: mlango upana usipungue sentimita 90, ufunguke kwa nje. Mengine wadau watakujibu. Fundi akibisha mpe futi kamba na kikokotoo cha simu, apime kimo, azidishe mara 12 mbele ya kamati nzima. Leo si ndiyo Ijumaa? Mpigie sasa hivi, kabla hajawalipa vijana wa kuchanganya.