Paka Wako Hakukomoi

Safu ya wanyama wa nyumbani. Anajibu daktari wa mifugo mstaafu.

Safari hii nimefungua barua nne na zote ni za choo cha paka. Ya kwanza ndiyo ndefu, nami nitakaa nayo.

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina paka wawili, dume wa miaka mitano na jike wa mwaka mmoja, wote wameshafungwa uzazi. Mwenye kesi ni dume. Tangu tumpate hajawahi kukosea choo chake, lakini hii ni wiki ya tatu anachuchumaa na kukojoa kwenye tenga la nguo chafu na juu ya kitanda, tena upande wa mume wangu. Mume anasema paka anamchukia na anamkomoa. Nimemchapa kwa kandambili, nimemsugua pua kwenye mkojo wake, nimemwaga dawa ya kung'arisha nguo nyeupe mpaka macho yananiwasha, na bado. Hata beseni nimemnunulia jipya, la kifuniko, na mchanga wenye harufu ya maua, nikaliweka kando ya mashine ya kufulia ili wageni wasilione. Mume amenipa mpaka mwisho wa mwezi, paka awe ameondoka. Nifanyeje? – Niliyechoka Kufua

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona kesi ya mume na paka. Mara ya pili nikaona sentensi uliyoipitisha mbio karibu na mwisho: beseni jipya, kifuniko, maua, mashine ya kufulia. Hukusema ulilinunua lini. Mimi nakisia ni wiki tatu zilizopita, au siku chache kabla ya hapo.

Hata hivyo hatuanzi na beseni. Tunaanza na kibofu, na sababu yake nitakueleza kwa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa tayari na miaka minane kazini, paka wangu wa kijivu alianza kukojoa kwenye sinki la bafuni. Mimi, daktari mzima, nikamfokea. Nikafunga mlango wa bafu, akahamia sinki la jikoni. Siku ya nne hivi nikaona tone moja kwenye ule weupe, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na halikuwa la manjano. Lilikuwa la waridi. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kibofu kilikuwa kimevimba, kila akiingia kwenye mchanga wake anaumia, naye akapiga hesabu yake ya kipaka kwamba mchanga ndio unaouma. Akaenda kutafuta mahali pasipouma. Angekuwa paka wa mteja, ningeuliza maswali yote yanayotakiwa ndani ya dakika tano. Kwa kuwa alikuwa wangu, nilimpa siku nne za kelele.

Kwa hiyo wako apimwe mkojo, ndani ya siku mbili tatu hizi, kabla hujahamisha chochote. Kwa rika lake, tunachokutana nacho zaidi ni kuvimba kwa kibofu bila kidudu nyuma yake, kule kunakopanda na kushuka na wasiwasi wa nyumbani. Maambukizi ya bakteria si mengi kwa paka wa umri huo, ndiyo maana antibayotiki za kubahatisha haziwasaidii. Huenda pia kuna fuwele au mawe. Angekuwa mzee ningetaka aangaliwe figo, kisukari, tezi ya shingoni, na maungo pia, maana mwenye baridi yabisi hawezi kuruka ukingo mrefu wa beseni. Na tafadhali, dawa ya maumivu ya binadamu asipewe hata robo. Parasetamoli inaua paka.

Mkojo ukionekana safi, ndipo turudi kwenye lile beseni lako.

Piga magoti, ingiza kichwa chini ya kifuniko, vuta pumzi. Usicheke, fanya kweli. Ile harufu uliyoifunika ili wageni wasiisikie yote imo humo ndani, imechanganyika na maua, na pua inayoikaribisha si yako. Sasa baki umeinama hivyo hivyo na umwombe mtu awashe mashine ya kufulia kwenye mzunguko wa kukamua. Umeshtuka? Paka aliyeshtuka hivyo mara moja, katikati ya haja yake, huenda asirudi tena. Halafu yupo yule jike wa mwaka mmoja, mwenye michezo. Beseni la kifuniko lina mlango mmoja, na anayetaka kumvizia mwenzake anajua kabisa pa kukaa. Huenda hujamwona akifanya hivyo. Wanafanya kimya kimya, mmoja amelala kwenye njia kama mtu aliyepumzika tu, na mwingine anageuka na kuondoka.

Toa kifuniko. Rudisha mchanga uliokuwa ukitumia zamani, na kama huupati, tafuta wa punje ndogo usio na harufu yoyote, umwage kina cha sentimita tatu hadi tano. Rudisha beseni pale lilipokuwa la zamani. Kisha ongeza: kwa paka wawili, mabeseni matatu, na yasipangwe pamoja kwenye mstari, kwa sababu paka huyahesabu kama choo kimoja chenye foleni. Weka kila moja mahali pake, mbali na chakula na maji, mahali ambapo anaona nani anakuja na ana njia mbili za kutokea. Urefu wa beseni uwe mara moja na nusu ya mwili wake, toka pua mpaka shina la mkia. Mengi yanayouzwa ni madogo mno. Sanduku kubwa la plastiki la kuwekea nguo, ukilikata upande mmoja liwe na kizingiti kifupi, linafanya kazi vizuri kuliko yale ya mapambo. Zoa asubuhi na jioni. Mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote, oshea maji ya moto na sabuni nyepesi.

Kama huamini kwamba tatizo ni maua, weka mabeseni mawili yaliyo sawa karibu karibu kwa wiki moja, moja la mchanga wa maua na jingine la mchanga mtupu, uone lipi linajaa.

Mbona kitandani, na mbona upande wa mume? Kwa maoni yangu godoro ni laini, linanyonya, liko juu, na aliyelikalia anaona mlango. Nguo chafu nazo ni laini na zina harufu nzito ya watu wake. Paka mwenye wasiwasi hutafuta harufu anayoijua aichanganye na yake. Ukilitazama hivyo, mume wako amepewa heshima ya ajabu kidogo, ingawa simlaumu akiikataa. Kukomoa kunahitaji kupanga leo ili fulani aumie kesho, na katika miaka yote niliyoshika paka sijaona hata mmoja mwenye ratiba hiyo.

Kandambili uiache. Ukimsugua pua hapati somo la choo, anapata somo lako wewe: kwamba ukitokea, mambo yanaharibika. Atakojoa nyuma ya kabati, usipomwona, na wasiwasi ukizidi kibofu nacho kinazidi.

Kuhusu ile dawa ya kung'arisha nguo, macho hayakuwashi kwa sababu unasafisha vizuri. Klorini iliyomo ikikutana na amonia ya mkojo hutoa mvuke wenye sumu, kwa mapafu yako na yake. Acha leo. Epuka vilevile zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji. Nyingi zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuishughulikia. Mkojo mbichi ukandamize kwa kitambaa kikavu, usisugue. Kisha tumia kisafishaji chenye vimeng'enya, kile kilichotengenezwa kwa mkojo wa wanyama, umwage cha kutosha kifike chini ulikofika mkojo, ukiache kikauke chenyewe. Maji na sabuni huondoa kile unachokinusa wewe, lakini fuwele za asidi ya yuriki hubaki, na siku ya unyevu harufu huamka upya. Kama hujui madoa yaliko, zima taa usiku upite na tochi ya mwanga wa urujuanimno. Jiandae kisaikolojia.

Kwa sasa funga mlango wa chumba cha kulala, na godoro livishwe kifuniko kisichopitisha maji. Mwisho wa mwezi uombe usogezwe, maana kibofu hakisomi kalenda. Nakadiria wiki nne hadi sita tangu mambo yarekebishwe. Na mume wako mpe koleo la kuzolea, zamu ya jioni. Mtu akizoa mabonge ya mchanga ulioshikana kwa mkojo kwa mkono wake anakuwa wa kwanza kujua siku yakipungua.

SWALI: Dume wangu wa miezi kumi hachuchumai. Anarudi kinyumenyume kwenye pazia, anainua mkia, unatetemeka kama waya, halafu anarusha. Beseni lake analitumia kama kawaida. Hajahasiwa. Nibadilishe mchanga?

JIBU: Mchanga uache. Huyo hana shida ya choo, anaandika jina lake. Kukojoa ni kuchuchumaa na kuacha dimbwi. Kutia alama ni kusimama na kurusha kidogo ukutani. Mhasi. Madume tisa kati ya kumi huacha au hupunguza sana, ingawa homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, kwa hiyo usimrudishie daktari lawama baada ya siku tatu. Ningependa angehasiwa kabla tabia haijaota mizizi, lakini miezi kumi si mbaya. Tazama pia dirisha lililo karibu na hilo pazia. Kama kuna paka wa nje anayepita hapo, ziba kioo mpaka usawa wa macho ya wako.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe anasema paka aondoke kwa sababu ya choo chake.

JIBU: Paka abaki, kazi ya kuzoa ndiyo ihame. Vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka kwenye kinyesi na huhitaji angalau siku moja nje kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo beseni lizolewe kila siku, na mtu mwingine. Ikibidi iwe wewe, vaa glavu na unawe mikono. Mwambie pia daktari wa kliniki yako kwamba una paka.

SWALI: Tangu jana jioni dume wangu anaingia kwenye mchanga kila baada ya dakika kumi. Anajikamua, hatoki kitu, analia, anajilamba chini. Nadhani amefunga choo. Nimpe mafuta?

JIBU: Barua hii ilikuja na namba ya simu, nami nilipiga kabla sijamaliza kuisoma, maana jibu la gazetini lingemkuta paka ameshazikwa. Nilimwambia: hajafunga choo, ameziba mkojo, funga kikapu na uondoke sasa hivi. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, na kijibonge cha kamasi na fuwele kinatosha kuiziba. Mkojo ukikosa pa kutokea, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama, ndani ya siku moja au mbili. Naichapisha kwa ajili ya wengine wanaodhani ni choo kikavu.

Alitiwa mpira wa mkojo usiku ule. Siku ya nne alirudi nyumbani, akiwa na chakula cha majimaji na mabakuli ya maji kila kona. Mwenyewe sasa anahesabu mabonge kila asubuhi na kunitumia idadi. Jana yalikuwa matatu, makubwa.