Herufi haibonyezwi

SWALI: Natafsiri ujumbe wa programu ya mfumo inayopokea vitufe vya kibodi. Nimeandika kila mahali "umebonyeza herufi A". Mwenzangu anasisitiza iwe "kitufe cha A". Je, ana hoja, au ni mazoea yake tu?

JIBU: Ana hoja nzito. Kibodi haijui herufi. Ukibonyeza kitufe, kinachofika kwenye kompyuta ni namba inayotambulisha kitufe chenyewe. Kwa kibodi za USB, kitufe chenye A katika QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, kina namba 4. Mfumo huichukua namba hiyo, hutazama jedwali la mpangilio uliochaguliwa, ndipo huamua herufi gani itokee. Mtumiaji akihamia AZERTY, mpangilio wa Wafaransa, kitufe kilekile chenye namba ileile 4 kitatoa q. Ukimwambia kwamba amebonyeza herufi A, hatakuelewa, maana kwenye skrini haioni. Na Shift je? Hiyo haina herufi yoyote, ila inabonyezwa kama nyingine.

Kwa hiyo kitufe hubonyezwa, herufi hutokea au huandikwa. Jedwali lenyewe nalo tunaweza kulieleza kwa kitenzi chetu cha kawaida kabisa: "kitufe hiki kimepangiwa herufi q". Mnyambuliko wa kutendewa unatosha. (Neno "bofya" liachie kipanya, ndiko lilikozoeleka.)

Kuna jambo jingine hukuliuliza, nami naona litakufaa zaidi. Mfumo hutofautisha tukio na hali. Kubonyeza ni tukio, kuachia ni tukio. Kati ya hayo mawili kitufe kinakaa chini, na hiyo ni hali. Watafsiri wengi huandika "kimebonyezwa" kwa yote, msomaji akabaki anajiuliza kama kidole bado kipo. Kiswahili kina bonyea, kitenzi kilichozaa bonyeza. "Kitufe cha Shift kimebonyezwa" hudokeza kwamba kuna aliyekibonyeza. "Kitufe cha Shift kimebonyea" hueleza kilivyo sasa, bila kumtaja mtendaji, hivyo hufaa hata pale kitufe kilipokwama na hakuna aliyekigusa. Ukitaka kusema mtu anaendelea kukikandamiza makusudi, tumia "kimeshikiliwa".

Ujumbe wako wa kwanza ningeuandika hivi: "Umebonyeza kitufe namba 4. Katika mpangilio wa sasa kimepangiwa herufi q."