Mionzi wakati wa kuchoma njia za umeme wa moyo

Pole dada wa Kizota. Umeuliza mama atapigwa eksirei kiasi gani akichomwa ile njia ya umeme inayomwendesha moyo mbio. Mionzi hutoka pale tu daktari anapokanyaga pedali. Akiinua mguu, inakatika. Siku hizi ipo mitambo inayochora ramani ya moyo kwa sumaku, katheta (mrija mwembamba unaopenyezwa kwenye mshipa hadi moyoni) ikaonekana bila eksirei, na wapo madaktari wanaomaliza bila kukanyaga kabisa. Pasipo mtambo huo, picha hupunguzwa, tuseme kutoka 15 hadi 7.5 kwa sekunde, na miale hubanwa iangukie moyo tu. Sisi wahudumu tulio chumbani, hata tukivaa aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, tunarudi nyuma: umbali ukizidi mara mbili, mionzi inabaki robo. Muulize daktari wake kama wana ramani hiyo.