Makato ya LUKU, "tozo mpya" na namba za malipo: majibu kwa wasomaji

Swali: Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa kuna tangazo kwamba serikali imeanzisha tozo mpya ya umeme. Nilidhani ni uzushi, lakini tarehe mbili nimenunua umeme wa shilingi 10,000 nikapata uniti 23.9 badala ya 28 nilizozoea. Ni kweli au si kweli? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Umekatwa kweli, ila tozo hiyo si mpya. Ni kodi ya jengo, ambayo Tanzania imekuwa ikikusanywa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kwa nyumba za ghorofa mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu.

Rudi kwenye meseji ya tokeni uisome mstari kwa mstari. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa nyumbani (kundi la T1) ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, hivyo uniti inakufikia kwa shilingi 356.24. Gawa 10,000 kwa hiyo, unapata uniti 28.07. Sasa toa 1,500 ya jengo kwanza: zinabaki 8,500. Kwenye meseji utaona umeme wenyewe 6,967.21, VAT 1,254.10, REA 209.02, EWURA 69.67, na uniti 23.86. Hesabu yako ikifika hapo, hakuna kilichofichwa. Isipofika, una hoja ya kupeleka TANESCO, shirika la umeme, na meseji hiyo ndiyo ushahidi wako, usiifute.

Makato hufanyika kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ndiyo maana wanaonunua tena tarehe 15 huona uniti zimerudi kama kawaida, wakaandika kwenye kundi kwamba "serikali imesalimu amri". Na ule ushauri wa kununua umeme wa elfu moja moja ili usikatwe hausaidii chochote. Usiponunua kabisa kwa miezi miwili, deni linakusubiri: mwezi wa tatu utakatwa 4,500 kwa mkupuo. Hapo ndipo picha za risiti zenye makato makubwa huzaliwa, kisha husambazwa bila maelezo.

Makosa ya kweli yapo, na hayo ndiyo ya kufuatilia. Nyumba moja yenye mita mbili au tatu inaweza kukatwa kwenye kila mita wakati kodi ni moja kwa jengo. Vilevile, nyumba anayoishi mmiliki mwenye umri wa miaka 60 au zaidi ina msamaha kisheria, lakini mashine haijui umri wa mtu. Chukua barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho na namba za mita zote, uende kwa wanaoshughulikia kodi ya majengo eneo lako, halmashauri au TRA (mamlaka ya mapato). Omba mita za ziada, au nyumba ya mzee, ziondolewe kwenye makato.

Kama wewe ni mpangaji, kodi hii si yako. Unakatwa kwa sababu ndiwe unayenunua umeme. Tunza meseji za mwaka mzima, mkae na mwenye nyumba mpunguze kwenye pango.

Swali: Jirani yangu analipa 9,150 anapata uniti 75. Mimi kwa pesa hiyohiyo sipati hata 26. Watu wanasema kuna ada ya siri kwa wenye nyumba za bati jipya. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ada ya bati haipo. Jirani yako yuko kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti yao ni shilingi 100, na ukijumlisha kodi zote inakuwa 122. Akipitisha uniti 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi, ghali kuliko yako. Kama unatumia taa, televisheni na simu tu, andika maombi ofisi ya TANESCO ya wilaya ubadilishiwe kundi. Kama una friji na pasi, baki ulipo.

Tukiwa hapohapo: picha ya risiti yenye malipo ya huduma ya 5,520 kila mwezi inazunguka tena. Malipo hayo yalifutwa Aprili 2016. Picha inaweza kuwa halali kabisa, ila ni ya zamani.

Swali: Nimetumiwa ujumbe kwamba nisipolipia "ada ya uhakiki wa NIDA" laini yangu itafungwa. Namba ya kulipia ni ya simu ya kawaida. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Usilipe. Kitambulisho cha kwanza cha NIDA, yaani cha taifa, ni bure. Namba yake yenye tarakimu 20 unaweza kuitafuta kwa *152*00#, na laini zilizosajiliwa kwa jina lako unaziona kwa *106#. Ujumbe huo utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyokuandikia.

Swali: Nitajuaje kwamba namba ya malipo niliyopewa ni ya serikali? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Namba ya kumbukumbu ya malipo, wengi tunaiita kontroo namba, ina tarakimu 12 na huanza na 99. Lakini tarakimu pekee zisikutulize, kwani tapeli anaweza kukupa namba halali ya deni la mtu mwingine ukamlipia yeye. Nenda benki au kwa wakala wa benki, mtajie namba hiyo, asome jina la mlipaji, taasisi na kiasi kabla hujatoa pesa. Jina likiwa si lako, acha. Na malipo ya serikali hayaingii kwenye namba ya simu ya mtu, hata akiwa ofisa mwenye kitambulisho shingoni.

Swali: Mimi ni kiongozi wa kundi lenye watu zaidi ya mia mbili. Kila Juni linajaa habari za tozo. Nifanyeje bila kuonekana nawaziba watu midomo? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Juni ni mwezi wa bajeti, na kinachosomwa bungeni siku ile ni mapendekezo. Yanaweza kubadilishwa kabla ya Sheria ya Fedha kupitishwa, ambayo kwa kawaida huanza kutumika Julai mosi. Tozo nyingine hubadilika hata baada ya kuanza. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, 2021 ikiwa na ukomo wa 10,000 kwa muamala. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 ukomo ukawa 4,000. Jedwali la ile 10,000 bado linasambazwa kana kwamba limetoka jana. Kwa hiyo uzushi mwingi wa tozo ni karatasi ya kweli iliyopotezewa tarehe, na anayeisambaza mara nyingi anaogopa kweli kwa ajili ya familia yake. Usimkaripie.

Mwombe aliyeweka tangazo mambo matatu: sheria au namba ya Tangazo la Serikali, tarehe ya kuanza kutumika, na taasisi inayopokea pesa. Akikosa, mwombe alifute mwenyewe. Anayejua kuwa ni uongo na bado anasambaza ili kupotosha, mwonye kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sahihisho lako liandike kwa maneno, usirudishe ile picha, kwa sababu wengi wataisambaza picha na kuacha maelezo yako.