Ejifainda ipi ununue? Kwanza zungusha hendeli ya mashine yako

Ndugu wa Mbale, umesema umenunua mashine ya milingi (ya kuchonga chuma) ya mtumba, haina skrini ya vipimo, na mpaka leo ukingo unautafuta kwa karatasi ya sigara. Unauliza uchukue ejifainda, yaani kifaa cha kutafutia ukingo wa kazi (kipande unachochonga) ili upime kutoka hapo, ya springi au ile ya kuwaka taa. Mimi niko Jinja, na kazi zangu nyingi ni za vinu vya posho na mashine za kukoboa kahawa. Nimetumia zote mbili, na karatasi pia.

Chukua ya springi. Ila kabla hujatoa pesa, zungusha hendeli ya meza mzunguko mmoja kamili uone meza imesogea kiasi gani. Ukubwa wa ncha ya kununua utaujua hapo.

Ejifainda haikuambii kwamba katikati ya spindo (sehemu inayozunguka na kushika kifaa) iko juu ya ukingo. Inakuambia iko nje ya ukingo kwa nusu ya unene wa ncha, na hiyo nusu utaisogeza mwenyewe. Ncha ya mm 10 inakudai mm 5. Ncha ya mm 4 inakudai mm 2. Zile za inchi, ncha yake huwa inchi 0.200, nayo inakudai inchi 0.100. Sasa kama hendeli yako inasogeza mm 5 kwa mzunguko, ncha ya mm 10 ni mzunguko mmoja kamili, umerudi palepale kwenye alama. Kama ni mm 4 kwa mzunguko, ncha ya mm 4 ni nusu mzunguko. Na kama mashine yako ni ya inchi, kwa mfano Bridgeport za zamani ambazo hendeli husogeza inchi 0.200, basi ncha ya inchi 0.200 ni nusu mzunguko. Mtu akikuuzia ejifainda ya milimita uitumie kwenye mashine ya inchi, kila siku utakuwa unapiga hesabu ya 25.4 mikono ina mafuta. Utakosea tu.

Mimi nilikosea hata bila hesabu. Mteja alileta bamba la chuma la mm 12 la kukalia beringi za kinu, nitoboe matundu manne. Nikagusa ukingo, nikaweka sifuri kwenye alama za hendeli, simu ikaita. Kurudi, nikaanza kutoboa moja kwa moja. Ule mzunguko mmoja wa mm 5 sikuuzungusha. Matundu yalitoka mazuri ajabu, nafasi kati yao hazikupungua hata unywele, ila yote manne yalikuwa yamehama mm 5 kwenda upande mmoja. Nikayajaza kwa kulehemu, nikasaga, nikatoboa upya, na mteja amekaa kwenye benchi ananitazama. Tangu siku hiyo sifuri ya kwanza siiamini. Nikigusa, nainua spindo, nasogeza ile nusu, halafu ndipo naweka sifuri ya kweli na kuandika kwa chaki kwenye meza: TAYARI. Simu inaweza kuita.

Namna ya kuitumia: ifunge kwenye koleti (kibano cha spindo), au hata kwenye kishikio cha drili. Hii ya springi haijali sana kama kishikio kimepinda kidogo, kwa sababu ncha yake hujipanga kwa mhimili wa spindo yenyewe. Isukume ncha kwa kidole ikae upande, ndipo uwashe mashine, mizunguko 600 hadi 1000 kwa dakika. Usipandishe zaidi. Nimeona kijana akiiwasha kwenye kasi ya drili ndogo, springi ikavutika na ncha ikabaki inaning'inia kama jino bovu.

Ikizunguka utaona ncha inayumba, ukungu wa chuma umezunguka shina (ile sehemu uliyoifunga). Sogea polepole. Ikianza kugusa kazi, ukungu unapungua, unapungua, mpaka shina na ncha vinaonekana kipande kimoja kilichosimama. Wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Endelea kwa mgawanyo mmoja mmoja wa hendeli, na ghafla ncha itaruka pembeni. Kuruka huko ndiko kusoma kwako. Rudi nyuma, iweke ncha sawa, rudia mara ya pili taratibu zaidi. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya mm 0.01, kuna uchafu mahali: pengine ndevu (vichomo vya chuma) kwenye ukingo ambazo hukuzipitishia tupa, pengine chenga ya chuma, pengine grisi iliyoganda kati ya ncha na shina. Tone moja la mafuta mepesi linatosha.

Na kwa kuwa huna skrini, pleyi ya skrubu (ulegevu, hendeli inazunguka meza haijasogea) itakusumbua kuliko ejifainda yoyote. Fika ukingoni ukizungusha upande mmoja, na uendelee upande huohuo hadi kwenye tundu. Ukipitiliza, usirudi nyuma kidogo tu. Rudi mzunguko mzima halafu uje tena. Mashine za mtumba pleyi ya nusu milimita ni kawaida.

Ile ya taa nilinunua kwa tamaa. Golori yake ikigusa chuma, umeme unapita kwenye kazi, jiliwa, meza hadi spindo, taa inawaka. Spindo haizunguki, kwa hiyo koleti ikiwa imepinda kosa lote linaingia kwenye kipimo chako. Kwenye plastiki na mbao haiwaki kabisa, na alumini iliyopakwa rangi ngumu ya kiwandani pia inagoma. Sasa hivi iko kwenye droo.

Karatasi ya sigara usiitupe. Ina unene wa kama mm 0.02 hadi 0.03, na kwa njia ya ufunguo (mfereji wa kabari) kwenye shafti inatosha kabisa.

Kuijaribu ejifainda mpya ukiwa kwa mwenye skrini: funga kipande ulichokipima kwa maikromita, tuseme mm 25.00, gusa upande huu, kisha upande wa pili. Safari yote iwe mm 35.00 kwa ncha ya mm 10. Ikizidi au ikipungua, mrudishie muuzaji.

Jambo jingine ambalo wa nje hawalifikirii: umeme ukikatika katikati ya kazi, usiguse hendeli yoyote. Mtu akipita akaegemea meza, sifuri imekwenda. Umeme ukirudi, gusa ukingo tena, ni dakika mbili. Kwa kazi za vipande vingi mimi hugusa taya la jiliwa lisilosogea badala ya kugusa kila kipande, halafu naweka kizuizi pembeni. Hapo vipande 40 vinapita kwa sifuri moja.

Pima hendeli yako uniambie mzunguko mmoja ni kiasi gani, pia uniambie kama nguzo ya mashine ni ya duara. Kama ni ya duara kuna tatizo lingine la kuinua kichwa, maana kikiinuliwa kinazunguka kidogo na ukingo ulioutafuta unapotea.