Muulize Mwinjilisti: Kama Mungu anajua yote, niombe ya nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwinjilisti. Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza viazi sokoni Makambako. Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana, mkono na mguu wa kulia havina nguvu mpaka leo. Nimeomba, nimefunga, nimekwenda mikesha. Mtumishi mmoja akaniambia imani yangu ni ndogo, nipande mbegu ya laki tatu, na mume wangu aache dawa za presha ili uponyaji uonekane. Sikutoa hiyo hela, lakini tangu siku ile moyo umekufa ganzi. Nikipiga magoti naishia kusema Baba Yetu kwa mdomo tu. Sasa najiuliza, kama Mungu anajua kila kitu na atafanya apendavyo, maombi yana kazi gani?

JIBU: Amina. Marahaba, mama. Pole sana kwa kuuguza, na pole zangu zimfikie baba watoto.

Nianze na lisilosubiri. Dawa za presha asiache hata siku moja. Aliyekwisha kupata kiharusi akiziacha anajitafutia kingine. Mazoezi ya viungo waliyompangia hospitali ayaendeleze hata kama haoni faida yake kwa haraka. Mtume Paulo, mwombaji wa kupigiwa mfano, alikuwa na Luka katika kazi yake, na katika Wakolosai anamwita tabibu mpendwa. Wala hakuona aibu. Na hiyo laki tatu ni ya viazi na ya dawa, usimpe mtu.

Tuje kwa hilo la imani ndogo, maana ndilo lililokujeruhi. Fungua Marko sura ya 2. Watu wanne wamembeba mwenye kupooza, wamefika Kapernaumu wakakuta nyumba imejaa hadi mlangoni, wakapanda juu, wakatoboa dari wakamteremsha na godoro lake. Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, wale wabebaji! Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa imani yake ina ukubwa gani. Ukiendelea mpaka sura ya 9 utamkuta baba wa mtoto mgonjwa akilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa siku hiyohiyo. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha," na mwiba ukabaki. Na Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, akakinywa. Nani atasimama amwambie Yesu kwamba imani yake ilikuwa ndogo? Maneno uliyoambiwa hayakutoka kwa Mungu, mama, na mimi yananiuma kama yanavyokuuma wewe, kwa sababu nayasikia kwa wagonjwa wengi wanaokuja wamekwisha kufilisiwa.

Sasa swali lako lenyewe. Katika Mathayo 6 Yesu anasema, "Baba yenu anajua mnayohitaji ninyi kabla hamjamwomba." Mstari unaofuata anasema, basi ninyi salini hivi, halafu anawafundisha Baba Yetu. Yeye haoni mgongano hapo. Kwake, kujua kwa Baba ndiko kunakotupa ujasiri wa kusema naye, kwa kuwa hatuendi kumpa taarifa wala kumbembeleza mtu asiyetujali. Martin Luther aliligusa jambo hili katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, ambayo vijana wetu wa kipaimara hujifunza hadi leo. Akieleza ombi la mkate wa kila siku, anasema Mungu huwapa watu wote mkate hata bila maombi yetu, waovu nao wakiwamo. Ila twaomba ili atuwezeshe kuutambua kuwa ni wake na kuupokea kwa shukrani. Mimi naongeza kwamba Mungu ametaka kazi yake hapa duniani iwe na mikono yetu na sauti zetu ndani yake. Angeweza kufanya bila sisi. Hakutaka.

Katika mtaa ninaouhudumia, huku uchagani, kuna bibi anayeomba akichambua maharage asubuhi. Ungo uko mapajani, anatupa mawe upande mmoja, anataja majina: wajukuu walioko Dar es Salaam, mchungaji, kisha jirani waliyegombana naye kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kuwapatanisha, mimi nikiwa mmojawapo. Siku moja nikamuuliza kwa nini masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, hayajahamishwa tena. Akanijibu bila kuinua macho, "Siwezi kumtaja mbele za Mungu kila asubuhi, halafu jioni nikamng'olea sale lake." Jirani hajabadilika sana, nasema kweli. Bibi amebadilika.

Hivyo usidharau hiyo Baba Yetu unayoisema kwa mdomo. Moyo ukiwa umechoka, maneno ya Kanisa yanakubeba mpaka ya kwako yarudi. Na ukiona hata hayo ni mazito, soma Zaburi ya 88, ambayo imejaa malalamiko na inaishia gizani bila neno la faraja. Imo katika Biblia, imeombwa na Wayahudi na Wakristo kwa karne nyingi, kwa hiyo una ruhusa ya kumwambia Mungu kwamba umechoka naye kukaa kimya.

Wanajumuiya wako nao waambie wazi kwamba kwa sasa huwezi, wawe wale wanne. Na jambo moja ninalotamani ulifanye wiki hii: mwombe mumeo awaombee ninyi. Mgonjwa wa muda mrefu huombewa na kila anayepita, mwisho akajiona mzigo. Kabla hujatoka kwenda sokoni, kaa kitandani pake, mtajie magunia uliyonayo, ada ya mtoto inayodaiwa, na yule mteja aliyekopa. Aombe yeye, hata kama maneno yanamtoka kwa shida. Sikuahidi kwamba mguu utapona kwa hilo. Naomba upone, na nitaendelea kuomba. Jumuiya yetu hukusanyika Jumamosi asubuhi, na mumeo atatajwa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Morogoro. Wenzangu wanakesha kwenye maombi mpaka alfajiri, mimi nasinzia kila mara. Je, nina roho ya usingizi?

JIBU: Una usingizi, mwanangu. Petro, Yakobo na Yohana walisinzia usiku ambao Bwana aliwahitaji kuliko usiku mwingine wowote, naye akasema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Aliwaamsha, hakuwafukuza. Mkesha ni mzuri kwa anayeuweza, ila usiufanye kipimo cha wokovu wa mtu. Wewe tafuta saa ambayo akili yako iko macho. Daniel aliomba mara tatu kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Robo saa kabla ya kipindi cha kwanza, simu ukiwa umeizima, inakutosha kuanzia.