Nilidhani Breka Ndiyo Mbovu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama anaweza kufunga hita ya bafuni, ile inayochemsha maji papo kwa papo, bila kugusa nyaya za zamani za nyumba yake. Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa miaka mitatu iliyopita, hapa Dar es Salaam, nililijibu mwenyewe kwa ujinga.

Hita yangu ni ya wati 5,500, na kwa umeme wa volti 230 huvuta takribani ampea 24. Fundi wa kwanza aliiunga kwenye waya wa taa, ule mwembamba wa milimita za mraba moja nukta tano, na breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ikawa inajikata kabla mtu hajamaliza kuoga. Fundi wa pili, kijana mpole, alisema inafaa uvutwe waya wake peke yake wa milimita za mraba sita kutoka swichi kuu, na fimbo ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja, ichimbiwe upya. Aliponitajia gharama nilimwita mwizi mbele ya majirani. Nikamrudia yule wa kwanza, nikamwamuru aitoe breka ya ampea 16 na kuweka ya 32. Haikujikata tena, nami nikajisifu kwa mwezi mzima.

Sikujua kwamba breka huwekwa ili kuulinda waya. Nilichokuwa nimekiondoa ndicho kilichokuwa kikinionya. Usiku mmoja mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alitoka bafuni akitetemeka baada ya kupigwa shoti na bomba, kwani waya wa ethi wa hita ulikuwa umezungushiwa tepu na kuachwa ukining'inia. Tulipopanda darini tukakuta plastiki ya waya imeyeyuka na mbao zimeanza kuwa nyeusi. Mama hakunilaumu, lakini mpaka leo akija huoga kwa ndoo.

Yule kijana alirudi nilipomwomba radhi, akafanya yote aliyoyasema tangu mwanzo, na akaongeza RCD ya miliampea 30, ambayo hukata umeme mara unapovuja. Ina kitufe cha majaribio, nami hukibonyeza kila mwezi. Akaniuliza pia kuhusu taa zangu nne za nje za wati 60, zinazowaka kwa muda wa saa 12 kila usiku: zilikuwa zikila takribani uniti 86 kwa mwezi, na za LED za wati 9 zinakula 13. Mimi nilikuwa nikiilaumu mita!

Ninyi mnaojenga, mnaweza kuzunguka Kariakoo siku tatu kuchagua vigae, kisha waya mkamwachia fundi anunue ulio rahisi. Acheni tabia hiyo. Ulizeni leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kabla ya kuuliza bei, na breka ikijikata mara kwa mara, msiibadilishe mpaka ijulikane kinachoikata.

Nawe ndugu uliyeniandikia, iache hita dukani kwanza, umwite fundi mwenye leseni apande darini, nawe upande naye.